Ile Neno Iko na Maana Mbili

"Mama, ile neno iko na maana mbili."

"Lile neno lina," nikamjibu.

Kijana akanyamaza. Ofisi yetu ni chumba kimoja, meza tatu na feni inayozunguka kama inalazimishwa, kwa hiyo wenzetu wawili walisikia, na mmoja akacheka kwa pua. Mimi nilimtazama yule kijana. Nilimpandisha, nikamshusha, kisha nikarudi kwenye skrini yangu.

Zimepita wiki saba na bado naliona lile jicho langu.

Alikuwa amekuja kwetu kujifunza kazi ya tafsiri kwa miezi mitatu. Kwao Bukavu. Kifaransa amesomea, Kiingereza amekifuata Kampala, na Kiswahili amezaliwa nacho. Ajabu ni kwamba katika lugha zake zote tatu, ile aliyozaliwa nayo ndiyo tuliyomwona ana kasoro. Na hilo la kuniita mama nalo lilinikera kidogo, niseme ukweli. Kijana wa Dar es Salaam angeniita dada. Kwao mama ni heshima, mimi nikaipokea kama amenizeesha.

Bwana mkarimu

Kazi yenyewe ilikuwa barua za safari za mwanamke mmoja wa Kiingereza wa karne ya 19, mtu asiyejulikana sana, aliyezunguka Ulaya huku akiwaandikia dada zake waliobaki nyumbani. Mchapishaji mmoja mdogo alizitaka kwa Kiswahili. Nakala tuliyopewa ilikuwa picha za kurasa kuukuu, herufi nyingine zimeliwa, nyingine zimevimba kwa wino. Kijana anafanya rasimu, mimi napitia.

Ukurasa wa 31, wageni wanafika kwenye jumba la bwana mmoja mwenye ardhi. Mwandishi anasema bwana huyo aliwapokea kwa "morgue" yake ya siku zote.

Kijana alikuwa ameandika: "akatupokea kwa nyodo zake za siku zote."

Mimi neno hilo nalijua. Ni mochwari. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya filamu za polisi wa Marekani analijua. Na kwa kuwa hakuna mtu anayepokea wageni kwa mochwari, nikaamua papo hapo kwamba aliyepanga herufi amekosea, na kwamba kijana, badala ya kuja kuuliza, amekisia. Ndipo nikamwita mezani kwangu nikamuuliza nyodo kaitoa wapi.

Akaniambia ile neno iko na maana mbili. Nami nikamrekebishia ngeli.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi. Nilimkaripia kwa kukisia, halafu mimi mwenyewe nikakisia. Niliona mahali pale panataka neno la mapokezi, kwa hiyo nikafuta nyodo, nikaandika: "akatupokea kwa ukarimu wake wa siku zote." Aya inayofuata mama wa watu analalamika kwamba walikaa sebuleni mpaka giza likaingia bila kuletewa hata kikombe cha chai. Sikushtuka. Nilijiambia ukarimu wa Waingereza labda ndio huo.

Kijana alimaliza miezi yake, akaaga, akaenda zake. Kitabu kikaenda kiwandani.

"Ni yeye?"

Baba yangu mdogo alifariki Tanga. Mimi na mwanawe wa kwanza ndio tulioambiwa tuingie mochwari kumtambua kabla hajatolewa kwenda kuoshwa.

Aliyetupokea alikuwa mzee wa makamo, buti za mpira, aproni ndefu, kitambulisho kimegeuka nyuma mbele. Alitupa pole kwanza. Akauliza jina la marehemu, akalilinganisha na kikaratasi, akavuta trei, akakunja shuka mpaka kidevuni, hapohapo akaishia, akailaza pindo yake vizuri kama anayemtandikia mtu aliyelala.

"Mtazame vizuri, mwanangu. Ni yeye?"

Nikamtazama. Uso wa mtu unayemjua, ukiwa hauna mwenyewe ndani, unachukua muda. Nilianzia kwenye kovu la nyusi, lile alilolipata alipoanguka mnazini kabla sijazaliwa, na kovu ndilo lililoniambia.

"Ndiye."

Yeye mwenyewe yule mzee hakuwa ametazama. Muda wote ule aliyapeleka macho yake ukutani, akatuachia sisi.

Usiku wa matanga, wanawake tumelala kwenye majamvi, usingizi umenipaa. Simu ina asilimia 12. Sijui kwa nini akili yangu ilikwenda kwenye ukurasa wa 31, pengine kwa sababu ya mochwari tu. Nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ambayo nailipia kila mwezi na ambayo ningeweza kuifungua siku ile ile kwa sekunde tano.

Neno lilikuwa na vidahizo viwili.

Cha pili kilikuwa nyumba ya maiti. Cha kwanza: kiburi cha mtu anayejiona wa juu, majivuno ya usoni.

Kijana alikuwa sahihi. Lilikuwa na maana mbili, na ya nyodo ndiyo kongwe.

Nikazima simu, nikawa natazama dari.

Jicho la mlinzi wa gereza

Maneno mawili yanayofanana sura kwa bahati ni jambo la kawaida. Kaa wa baharini na kaa la moto hawajuani. Kwa hiyo asubuhi, nilipopata umeme, nilitaka kujua kama haya nayo ni hivyo, yamekutana njiani tu.

Hayakukutana. Yametoka tumbo moja.

Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa "morgue" ilikuwa kwanza ni sura: uso uliokazwa, uso mzito, mtu anakutazama kwa ukubwa wake huku huna hakika kama amekuona. Mpaka leo Mfaransa akisema fulani ana "morgue" anamaanisha hivyo.

Sasa njoo Paris ya zamani. Ukingoni mwa mto Seine kulikuwa na ngome iliyoitwa Grand Châtelet, mahakama juu na gereza humo humo. Mfungwa mpya alipoletwa hakupelekwa selo moja kwa moja. Aliwekwa kwanza kwenye kichumba cha nondo, akakaa humo saa kadhaa, na walinzi wakapita mmoja mmoja kumkodolea macho. Hakukuwa na picha wala alama za vidole. Kitambulisho chako kilikuwa kumbukumbu ya mlinzi: akutazame mpaka akushike, ili siku ukijaribu kutoka mlangoni umejichanganya na wageni, akujue. Kichumba hicho kikaitwa kwa jina la tendo lililofanyika humo. Kikaitwa morgue, mahali pa kukodolewa.

Kamusi moja ya Kifaransa na Kiingereza ya mwaka 1768 inaziweka maana hizo mbili pamoja: sura ya kiburi na ya kununa, halafu kichumba cha mfungwa mpya anayekaa saa kadhaa ili watumishi wa bwana jela waushike uso wake. Maiti bado hawamo.

Maiti waliingia kwa mlango huo huo. Watu waliookotwa mtoni, waliokutwa wamekufa mitaani bila ndugu, walilazwa katika chumba cha chini cha ngome ile, na watu wa mjini wakaruhusiwa kuja kutazama kama kuna wanayemfahamu. Kazi ilikuwa ile ile, kuushika uso. Jina likateremka ngazi likawafuata.

Mwaka 1804 wakajengewa nyumba yao kwenye kisiwa cha katikati ya mto, na mwaka 1864 wakahamishiwa nyingine nyuma ya kanisa kuu la Notre-Dame. Humo maiti walilazwa juu ya meza za mawe nyuma ya kioo kikubwa, nguo zao zimetundikwa, maji baridi yanawadondokea ili wasiharibike upesi. Mashine za barafu zilikuja mwaka 1882. Mtu yeyote aliingia bure. Na waliingia! Mafundi walipita wakienda kazini, akina mama na watoto mkononi, wageni wa nje kwa makundi. Charles Dickens mwenyewe alikiri kwamba kila akiwa Paris kulikuwa na kitu kinamvuta kwenda huko. Wengi wa waliosimama mbele ya kioo kile hawakuwa wamepotelewa na mtu. Walikuja kutazama. Serikali ilipoufunga mlango huo kwa umma ilikuwa mwaka 1907.

Kwa Kiingereza neno likaanza kutumika kwa nyumba ile ya Paris mwaka 1821 hivi, baadaye Wamarekani wakaliita hivyo kila chumba cha maiti, na waandishi wa magazeti wa huko wakaliita hivyo hata kabati la habari za kifo zilizoandikwa kabla wenyewe hawajafa. Sisi Tanzania tukachukua neno jingine la Kiingereza tukalifanya mochwari, Wakenya mochari. Wakongo, walioletewa Kifaransa na Wabelgiji, wakabaki na lile lile la Châtelet. Mtu wa Bukavu akifiwa anasema maiti iko morge.

Kwa hiyo yule kijana amelisikia neno hilo tangu utotoni, misibani, na akalikuta tena darasani katika fasihi ya Kifaransa likimsema bwana mwenye kiburi. Mimi nililipata kwenye filamu.

Mdomo ulitangulia

Nilitaka kuishia hapo, lakini kamusi ina tabia ya kukuvuta kanzu.

Wataalamu wa asili za maneno wanalipeleka neno hili nyuma zaidi, kwenye Kilatini cha mitaani, kwenye kitenzi wanachokiandika murricare na kukiwekea nyota mbele, alama ya kwamba hakuna aliyewahi kukiona kimeandikwa, wamekijenga kwa kufuata watoto wake. Maana yake wanasema ni kufanya mdomo, kuchomoza midomo kwa kununa. Nayo imetokana na neno la pua na mdomo wa mnyama.

Nilicheka peke yangu. Hiyo si kubetua midomo?

Kila mtoto wa pwani anaijua. Unamsalimia shangazi aliyekukasirikia, hajibu, anausukuma mdomo wa chini nje kidogo tu, halafu anautazama mlango. Hakuna neno lililotoka lakini umeambiwa yote. Nimepigwa kwa ajili ya mdomo huo. "Unambetulia nani?" Kofi.

Kiburi katika lugha za watu kina viungo vya mwili. Waingereza wana neno jingine la majivuno lililotokana na jina la Kilatini la nyusi, kwa mtu anayezungumza nawe nyusi zikiwa zimepanda. Wana jingine linalotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya "juu". Na sisi kiburi tumekichukua kwa Waarabu, kwao ni ukubwa.

Ila letu lenyewe, la nyumbani, ni kujiona.

Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Anajiona. Tena tunasema anajisikia. Kwa Kiswahili mwenye majivuno macho yake yamemgeukia mwenyewe, amejijaza, hana nafasi ya kukuona wewe. Yule wa Châtelet macho yake yanatoka nje yanakuelekea, yanakutua usoni, yanakaa. Anakuona sana. Kinachokosekana ni kwamba wewe huna ruhusa ya kumtazama.

Mimi siku ile sikuwa nimejiona. Ningekuwa nimejiona ningeacha.

Maneno niliyoyapanga mezani

Niliporudi Dar nilikuwa nimeshaamua nitamwandikia mchapishaji, na nikitaka kurekebisha lazima nijue narekebisha kwa neno gani. Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa kijana kazi aliyoifanya peke yake, kimya kimya, kwenye meza ya kona isiyofikiwa na feni.

Kiburi kiko moyoni. Kinahubiriwa Ijumaa na Jumapili. Unaweza kuwa nacho umelala.

Majivuno yanahitaji mdomo, mtu aseme alichonacho.

Maringo ni ya mwendo, na mara nyingi tunayapenda. Bibi harusi asiporinga tutamshangaa.

Jeuri inataka tendo, au jibu.

Nyodo ndiyo iliyobaki. Nyodo ni ya usoni na mabegani, haihitaji neno, na haifanyiki bila mtu wa kufanyiwa. Hakuna mtu anayefanya nyodo peke yake chumbani. Ndivyo "morgue" ilivyo. Ningeweza kulalamika kwamba nyodo ina harufu ya uani, ya wifi na mawifi, ya mipasho ya taarab, na kwamba kumpa bwana wa Kiingereza nyodo ni kama kumfunga kanga. Na mwanzo nililalamika hivyo kweli, moyoni. Halafu nikamfikiria yule bwana amesimama kwenye ngazi zake, wageni wametoka mbali, wana njaa, naye kakaza shingo. Kanga inamkaa vizuri kabisa.

Kulikuwa na neno moja jingine, nalo lilinijia kwa njia ambayo sikuitafuta.

Siku ya tatu ya msiba kulisomwa khitma, na sheikh akazungumza kidogo kuhusu Luqman akimuusia mwanawe. Sheikh ni mzee, anapenda kusoma aya kwa Kiarabu kisha kuitoa kwa Kiswahili polepole. Alipofika aya ya 18 ya sura ya Luqman katika Qur'ani akasema: "Wala usiwabeuwe watu." Ndivyo alivyoifasiri pia Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Watoto waliokaa nyuma walitazamana. Beua? Sheikh akaona, akabetua midomo yake mwenyewe, na ndevu zake nyeupe, akageuza uso pembeni. Msiba mzima ukacheka.

"Hivyo. Msiwafanyie watu hivyo."

Kisha akaeleza kwamba lile neno la Kiarabu pale limetoka kwenye ugonjwa wa ngamia, ugonjwa unaompinda shingo asiweze kukutazama mbele. Mwenye kiburi ni ngamia mgonjwa wa shingo. Na akaongeza hadithi ya Ibn Masud iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nina sahani ya tende mapajani. Mambo mawili, amesema. Kuikataa haki. Kuwadharau watu. Nilikuwa nimeyatenda yote mawili kwa maneno matatu: lile neno lina.

Meza ya 1928

Baadhi yenu mtasema, lakini dada, kazi yako ni kusahihisha. Kijana anajifunza tafsiri, lazima ajue ngeli.

Sawa. Nakubali, na kesho nikipata mwingine nitamsahihisha. Lakini kuna wakati wa kusahihisha na kuna kusahihisha ili mtu anyamaze. Aliniletea jambo, mimi nikamjibu juu ya nguo ya jambo hilo. Na mjue nilielewa alichosema tangu neno la kwanza. "Ile neno iko na maana mbili." Nani kati yenu hajaelewa?

Tunapenda kusahau kwamba Kiswahili sanifu kilikalishwa mezani. Mwaka 1928 watu walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi, na kufikia 1930 kamati ikaanza kazi ya kukisawazisha, kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, nchi zilizokuwa mikononi mwa Mwingereza. Kongo ilikuwa ya Mbelgiji. Haikualikwa. Mtu wa Bukavu hakukosea njia ya sanifu, njia hiyo haikupita kwao. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za nchi yake, na kinafanya kazi zote: sokoni, kanisani, kwenye mapenzi, kwenye morge.

Hata wenye meza wenyewe hatuaminiani. Wa Lamu ana lake la kumsema wa Mvita, Mmvita anamcheka wa Dar, wa Dar anamcheka wa Nairobi mpaka machozi. Kisha wote tunakutana kumcheka Mkongo. Nimeshiriki. Nina mfano mmoja wa "iko na" ambao huwa nauigiza kwenye harusi, na huwa unapokelewa vizuri sana.

Sikuuigiza safari hii.

Kuna swali ambalo nimeligeuza kila upande bila kulimaliza. Angekuwa amesema jambo lile lile kwa Kiswahili cha Unguja, "dada, neno hilo lina maana mbili", ningefungua kamusi? Nadhani ningefungua. Na angesema kwa Kiingereza chenye lafudhi ya London, pengine ningemshukuru mbele ya wenzetu.

Ukurasa wa 118

Nilimwandikia mchapishaji kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Nakala zilikuwa zimeshatoka. Akasema ataweka kikaratasi cha masahihisho ndani ya zile ambazo hazijauzwa, nimpe orodha.

Kumwandikia kijana kulinichukua siku nne. Namba ninayo, iko kwenye kundi letu la kazi. Nilianza ujumbe kwa "Habari za masiku", nikafuta. Nikaanza kwa kueleza Châtelet yote na mwaka 1768, nikaona nakwenda kumfundisha tena, nikafuta. Mwishowe nikaandika kwamba kuhusu ukurasa wa 31 yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea, kwamba sikumsikiliza na nilimtazama vibaya mbele ya watu, kwamba naomba radhi, na kwamba nyodo inarudi mahali pake. Nikatuma, nikaiweka simu kifudifudi.

Jibu lilikuja usiku, sauti, sekunde kumi na mbili. Nyuma yake kuna pikipiki na mtu anauza kitu.

"Asante sana, mama. Hakuna shida. Lakini iko mara mbili kwa hiyo kitabu. Utazame na ukurasa wa 118."

Sikuukumbuka ukurasa wa 118. Ukweli ni kwamba nilipitia kwa makini kurasa 60 za kwanza. Baada ya hapo muda ulibana, nikaruka ruka, na mwisho nikabonyeza kile kitufe cha kukubali mabadiliko yote kwa pamoja na kingine cha kuficha maoni ya pembeni, ili faili iende safi.

Nikaifungua rasimu yake ya zamani, ile ambayo haijafichwa kitu.

Ukurasa wa 118 mwandishi wetu yuko Paris. Rafiki zake wamempeleka nyuma ya Notre-Dame, ameingia na umati, amesimama mbele ya kioo. Anaandika kwamba hakuweza kumtazama msichana aliyelazwa pale kwa sababu msichana mwenyewe hakuweza kukataa kutazamwa. Neno la jengo hilo kijana hakuliita mochwari. Ameandika "nyumba ya kutambulia maiti". Maneno manne, na kazi yote ya chumba kile imo.

Pembeni ameweka maoni. Tarehe yake ni wiki mbili baada ya siku ile niliyomwita mezani.

"Tazama ukurasa wa 31. Ni neno lile lile."